Ng'ombe wa Kujazia

Boksi la kompyuta liliingia sebuleni kwa Mzee Ambokile likiwa limefunikwa kitenge kipya, kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Geofrey na binamu yake walilibeba kwa tahadhari kutoka kwenye pikapu mpaka juu ya meza, halafu wakatoka nje, maana muoaji hakai kwenye kikao cha mahari yake. Walikwenda kukaa kwenye tofali pembeni ya uzio, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane likawa linawapiga usoni.

Ndani walibaki watu wazima. Upande wa binti alikuwepo Mzee Ambokile mwenyewe, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, na mdogo wake Ulimboka, ambaye ofisini kwao ndiye anayeitwa kila kompyuta inapogoma. Upande wa muoaji alikuwepo mama yake, Emilia, mjane wa Makutupora anayechuma zabibu kwenye mashamba ya watu. Alikuja na mshenga, Mzee Uwesu, Mrangi wa Kondoa anayeuza mahindi soko la Majengo. Nyuma ya pazia, Cecilia, mke wa Ambokile, alikuwa anapanga soda kwenye sinia. Na chumbani, Violeth, binti anayeposwa, alikuwa amekaa kitandani na nguo mpya, anasubiri kuitwa.

Kompyuta hiyo ilikuwa imekuja badala ya ng'ombe. Ambokile ndiye aliyetaka hivyo. Alisema hapa mjini ng'ombe atawafugia wapi, chini ya kitanda? Alitaka kompyuta mpya, ya gigabaiti arobaini, ili Violeth afungue kijiofisi cha kuchapa barua na asimtegemee mtu. Hakusema sababu nyingine, lakini Cecilia aliijua. Cecilia alikuwa mpiga chapa wa serikali mpaka kompyuta zilipoingia maofisini na wapiga chapa wakapunguzwa. Mume wake hakutaka kitu kilichomfukuza mama kimkute binti naye yuko nje ya mlango.

Geofrey ni fundi ujenzi. Aliuza kiwanja chake cha Ihumwa, karibu na reli, kiwanja ambacho alikuwa ameshakichimbia msingi. Hakumwambia mtu bei.

"Haya, tumeona boksi," alisema Ulimboka akikunja mikono ya shati. "Lakini ng'ombe si tunawakagua zizini? Basi na hii tuiwashe."

"Iwashwe, iwashwe," alisema Mzee Uwesu. "Kwenye mizani ndiyo watu wanapendana."

Ulimboka akachomeka nyaya moja moja, akawasha. Kamuziki kadogo kakalia, Emilia akashtuka kisha akatabasamu akifunika mdomo kwa kanga. Ulimboka akashika mausi, akabonyeza hapa na pale, mpaka likatokea duara kama chapati, kipande kidogo cha bluu na kipande kikubwa cha pinki. Akasogeza uso karibu na skrini. 

"Vipi?" aliuliza Ambokile.

"Thelathini na saba nukta mbili."

"Thelathini na saba nini?"

"Gigabaiti. Iko pungufu, kaka."

Ambokile akavaa miwani na kusoma boksi, ingawa alikuwa ameshalisoma tangu lilipowekwa mezani. "Hapa wameandika arobaini."

"Boksi ni karatasi. Mimi naisoma kompyuta yenyewe."

Mzee Uwesu alimgeukia Emilia. Emilia alikuwa anaangalia duara lile la rangi kwa makini, kana kwamba akilitazama vizuri litajaa.

"Ilikaa nyumbani kwangu wiki nzima," alisema taratibu. "Haikuguswa. Labda njiani. Barabara ya kwetu ina mashimo mengi, labda zimemwagika."

Ulimboka akacheka. "Mama, hizi si zabibu!"

Mzee Uwesu naye akacheka kidogo, na hata Ambokile mdomo ulimcheza. Emilia hakuwa amefanya mzaha. Alishusha macho akaanza kukunjua na kukunja pindo la kanga yake.

"Kuna mawili," alisema Ulimboka. "Ama mwenye duka amewapunja, ama kuna mtu amefungua akabadilisha kitu ndani. Mimi simtaji mtu."

"Mwanangu si mwizi," alisema Emilia.

"Nimesema simtaji mtu, mama."

Hapo ndipo Mzee Uwesu alipoharibu. Hakuharibu kwa ubaya. Aliona shughuli inataka kuvunjika, akajibu vile anavyojibu kila siku dukani kwake. "Jamani, tusifike mbali. Mimi nauza mahindi. Mteja akinionyesha gunia halikufika, sibishani naye, najaza. Kilichopungua kitajazwa."

"Utajaza na nini, mzee?" aliuliza Ulimboka. "Gigabaiti haziuzwi kwa kisado."

"Si mlisema imekuja badala ya ng'ombe? Basi ijazwe na ng'ombe."

"Ng'ombe mmoja," alisema Ulimboka haraka. "Wa maziwa."

Wote wakamtazama Ambokile. Alikuwa na nafasi ya kusema basi, yaishe. Lakini mdogo wake alikuwa anamtazama, mshenga anamtazama, na yeye maisha yake yote ofisini alikuwa mtu wa kutazamwa juu juu. Akajinyoosha kwenye kiti.

"Sisi si watu wa kupunjwa," alisema. "Jumapili ijayo mje na ng'ombe. Binti tutamwita siku hiyo."

Kule chumbani Violeth alisikia viti vinavutwa. Akasubiri. Halafu akasikia pikapu inaondoka, akajua haitwi tena.

*

Kwa kuwa mahari ilikuwa haijakamilika, kompyuta haikuruhusiwa kutumiwa. Ilikaa mezani chini ya kitenge chake, na watu wa nyumba ile wakawa wanakula wakiwa wameshika sahani mapajani.

Violeth aliendelea na kozi yake ya kompyuta mjini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Mwalimu alikuwa kijana mmoja mcheshi anaitwa Brighton. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko mashine, kwa hiyo walikaa wawili wawili, na Violeth, kwa kuwa haongei, kila siku aliachiwa pembeni, mausi anashika mwenzake.

Siku moja katikati ya wiki mwenzake hakuja. Violeth akawa na mashine peke yake. Alibonyeza kama alivyosikia baba yake mdogo akijisifu kwamba alibonyeza. Likatokea lile duara la chapati. Thelathini na saba nukta mbili.

Akatazama ubavuni mwa mashine. Kulikuwa na kibandiko: arobaini.

Akangoja mpaka darasa likakaribia kuisha. Halafu akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu aanze kozi.

"Eh, leo Violeth!" alisema Brighton. "Sema, dada."

"Mwalimu... na hii nayo wameiba?"

Darasa zima likacheka. Brighton hakucheka. Alikuja akainama nyuma yake.

"Usicheke wewe, Tabu, nawe ya kwako iko hivyo hivyo. Zote humu ziko hivyo. Mimi mwenyewe ya kwangu niliirudisha dukani, tukatukanana na mwenye duka mpaka watu wakajaa." Akamgeukia Violeth. "Haijaibwa kitu. Ni hivi. Kiwandani wanahesabu kama mimi na wewe. Elfu kwao ni elfu. Kompyuta yenyewe haihesabu hivyo, inakwenda kwa mbili mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita, mpaka inafika elfu moja na ishirini na nne, na hiyo ndiyo inaiita elfu. Gigabaiti ni elfu ya elfu ya elfu. Kila hatua kompyuta inapima kwa kopo kubwa kidogo kuliko la kiwandani. Ukipima sukari kwa kopo kubwa, si yanatoka makopo machache?"

"Lakini sukari..."

"Sukari ni ile ile. Hata punje haijapungua. Tena hawajaficha, tazama mstari huo huo, kabla ya thelathini na saba kuna nini?"

Kulikuwa na namba ndefu sana, ile ambayo mtu anairuka kwa sababu ni ndefu. Ilikuwa inaanza na nne na sifuri. Violeth aliisoma kwa kidole, tarakimu moja moja. Ilikuwa bilioni arobaini.

*

Alitembea mpaka nyumbani Makole bila kusimama. Hakumpitia Mzee Uwesu sokoni, kwa sababu alijua amekwenda Kondoa kufuata mahindi. Kwa Geofrey hakuweza kwenda, binti aliyeposwa haendi kwa muoaji. Na hata angekwenda, Geofrey akija kueleza watasema mdaiwa hakosi maelezo.

Baba yake alikuwa amerudi kazini, amevua viatu. Violeth akaondoa kitenge, akawasha.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Baba, njoo uone kitu. Mara moja tu."

Ambokile alikuja na soksi zake, kwa kununa. Violeth akaonyesha ile namba ndefu. Akaeleza kama alivyoelezwa, makopo na sukari, kwa sauti ndogo, huku anatazama skrini asimtazame baba yake. Ambokile alikuwa karani. Namba hazimtishi. Alivaa miwani, akazigawa tatu tatu kwa ncha ya kalamu, akarudia. Violeth aliona mkono wa kalamu umesimama.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, baba."

"Zima."

"Baba, si tumtume mtu Makutupora awaambie wasilete..."

"Nimesema zima."

Kamuziki ka kuzima kakalia. Ambokile akarudisha kitenge mwenyewe, akakivuta pembe zote nne zikawa sawa.

"Unataka nikamwambie Ulimboka kwamba hajui kusoma? Yeye ndiye mtaalamu wa ukoo. Unataka niende nikamwambie yule mama kwamba tulimcheka bure? Mimi niliyesema mbele ya watu sisi si watu wa kupunjwa?" Akakaa. "Na ng'ombe ni desturi. Tangu mwanzo walitakiwa walete ng'ombe. Hatujawaonea."

Cecilia alikuwa mlangoni, ameshika mwiko.

"Yule mama ana ng'ombe mmoja, baba Violeth."

"Umejuaje?"

"Nilimwuliza siku ile akinawa mikono. Anauza maziwa yake pale kambi ya wachuma zabibu. Zabibu zikiisha ndiyo anakula hapo."

"Geofrey atamnunulia mwingine."

"Kwa kiwanja kipi?"

 Cecilia akaingia hatua moja, akaongea polepole, na hakuongea kwa hasira.

"Nilipopunguzwa, yule bosi alikiri. Alisema kweli mama, jina lako limeingia kwa makosa, lakini tumeshapitisha, nitawaambiaje wakubwa? Nilipokusimulia, ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa. Ulisema yule si mtu."

Ambokile akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka. Violeth na mama yake wakabaki wanasikia kamba zinapiga kwenye sakafu ya baraza, mpaka zikapotea.

*

Jumapili Emilia alikuja kwa miguu. Ng'ombe hapandi daladala, na gari la kukodi lingekula hela ya mablanketi ya mahari. Alitoka Makutupora kabla ya alfajiri, Geofrey anavuta kamba mbele na yeye na fimbo nyuma, na walipofika Makole kanga yake ilikuwa imebadilika rangi. Aliomba maji ya kunawa miguu kabla ya kukanyaga sebule ya watu.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, kisha akajisahihisha. "Hamjambo humu ndani."

"Hatujambo, mama. Karibuni," alijibu Ambokile. Hakumtazama.

Ulimboka alitoka kumkagua ng'ombe. Alimfungua mdomo akatazama meno, akazunguka nyuma. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, na maziwa yanadondoka yenyewe kwenye vumbi.

"Ndama yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani," alisema Emilia. "Mlisema ng'ombe mmoja."

"Sawa, sawa. Huyu ni ng'ombe," alisema Ulimboka, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Hapa hata mimi sina neno."

Ndani, Mzee Uwesu alikuwa amefurahi. Alikuwa ametoka Kondoa jana yake na uchovu wake, lakini alivaa kofia safi ya kudarizi. "Tumejaza," alisema. "Mimi sipendi kuachia mtu pungufu. Sasa aitwe binti, tusikie neno lake, watu wapate kula."

Kuitwa kwa binti ni jambo la dakika moja. Anaulizwa kama wapokee, anasema pokeeni, akina mama nje wanapiga vigelegele. Wengine hawasemi hata hilo neno, wanatikisa kichwa tu. Kwa msichana kama Violeth, kila mtu alitegemea atatikisa kichwa.

Alikuja akapiga magoti karibu na meza.

"Violeth," alisema Ambokile, na sauti ilikuwa kavu, "hawa wageni unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Wameleta kompyuta moja. Mablanketi mawili ya mama yako na shangazi yako. Na ng'ombe mmoja wa kujazia. Tupokee, tusipokee?"

Violeth alishika mguu wa meza. Mzee Uwesu akatabasamu akamwonea huruma. "Usiogope, mwanangu. Sisi ni wazazi."

"Kompyuta pokeeni," alisema. "Na mablanketi pokeeni."

Nje mmoja wa akina mama alishaanza kigelegele.

"Ng'ombe msipokee."

Kigelegele kikakatika. Nje kwenye tofali, Geofrey alisikia neno la mwisho tu. Akasimama, na kamba ya ng'ombe ikamtoka mkononi.

"Mtoto huyu ana nini?" alifoka Ulimboka. "Unamkataa mwenzio leo, watu wameshafika?"

"Sijamkataa, baba mdogo. Kompyuta haikupungua. Arobaini zote zimo. Zimeandikwa mstari ule ule, wewe ulisoma namba ya mwisho. Kiwandani na kwenye kompyuta hawahesabu sawa. Hata za darasani kwetu ziko hivyo."

"Unanifundisha mimi kompyuta?"

"Tafadhali, iwashe."

Ilichukua muda kuwaka.  Kamuziki kakalia, na safari hii Emilia hakushtuka. Ulimboka akabonyeza, likaja duara, akaweka kidole kwenye ile namba ndefu, akaanza kuihesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Shingo yake ilianza kuwa na jasho.

"Namba zipo," alisema mwisho, kana kwamba anakohoa. "Huenda... huenda ni namna ya kupima."

"Yaani debe mbili tofauti?" aliuliza Mzee Uwesu. "Mahindi yale yale?"

"Tuseme hivyo."

"Subhanallah." Mzee Uwesu akavua kofia akaiweka mapajani. "Na mimi nikasema najaza."

Emilia hakumwangalia yeyote kati yao. Alikuwa anamwangalia Ambokile.

"Kwa hiyo haikupungua, mkwe?"

"Haikupungua."

"Na mwanangu hakuiba."

"Hakuiba, mama."

"Wewe umejua lini?"

Pazia lilikuwa limesogezwa. Cecilia alikuwa amesimama hapo na sinia la soda, na chupa moja ilikuwa inagongana na nyingine.

"Leo," alisema Ambokile. "Kama wewe. Leo hii."

Emilia akahamisha macho, akamtazama Violeth. Violeth alikuwa bado amepiga magoti. Alitazama mikono yake, akainamisha kichwa chini zaidi, na hakukinyanyua.

"Haya," alisema Emilia.

Alinyanyuka, akamshika Violeth bega. "Wewe ni mwanangu kuanzia leo. Mengine yameisha." Halafu akamwambia Cecilia, "Mama, naomba beseni safi."

"Kunywa soda kwanza, jamani. Kuna na wali, kuna nyama, kaa..."

"Siwezi kumrudisha njia yote na kiwele kile. Ataumia."

Alichuchumaa uani na kitenge chake kizuri cha shughuli, akakamua. Akina mama waliokuja kupiga vigelegele walisimama wakamtazama. Sauti ya maziwa ilianza kali kwenye bati la beseni, kisha ikawa nzito kadiri lilivyojaa. Alipomaliza alimpangusa ng'ombe kwa pindo la kanga, akanyanyua beseni kwa mikono miwili akamkabidhi Cecilia.

"Hii si mahari," alisema. "Ni maziwa tu. Mnywe."

Geofrey alikuwa ameshaokota kamba. Violeth aliwasindikiza mpaka getini, hapo ndipo desturi ilipomruhusu kufika. Geofrey aligeuka mara moja. Emilia hakugeuka, alikuwa anawahi ndama.

*

Ulimboka aliondoka bila kula, alisema ana kazi ofisini, siku ya Jumapili. Mzee Uwesu alikula kidogo, akashukuru, akaenda kuswali. Viti vya kuazima vikarudishwa. Violeth alikunja kitenge cha kompyuta akakiweka kabatini, na kwa mara ya kwanza ikabaki mezani wazi, skrini nyeusi, inaonyesha sebule nzima kama kioo.

Cecilia alichemsha maziwa. Alileta chai, akaleta vikombe, akaleta sufuria yenyewe ya maziwa akaiweka mbele ya mume wake, na kikombe kidogo cha kuchotea pembeni. Siku zote yeye ndiye anayemtilia.

Ambokile alisubiri. Akatazama sufuria, akamtazama mke wake.

"Hunitilii?"

"Jipimie mwenyewe, baba Violeth," alisema Cecilia, akaenda kukaa na binti yake jikoni.

Alishika kile kikombe kidogo. Alikaa nacho mkononi muda mrefu, chai ikapoa, na maziwa yakaota utando mbele yake.